Tulivyoacha Kuuliza "Unasikia?"

Nimestaafu juzi tu, na tayari nimeifungua redio ya jirani vipande vipande mara mbili bila kuombwa. Mara ya pili ilikuwa kwa sababu ya mara ya kwanza. Mke wangu, maman Clarisse, ndiye aliyeniletea karatasi. "Papa Déo, andika," akaniambia. "Andika, ao utatumalizia vyombo hapa." Basi naandika, kwa ajili yenu mnaobaki kwenye atelie, karakana yetu ya Muhumba hapa Bukavu, mmeinamia zile hadubini. Vyeo na mishahara nitaviruka; ni habari fupi, tena za kusikitisha. Nitasema juu ya kifaa kidogo kuliko punje ya mchele ambacho kimenifurahisha tangu ujana, na juu ya neno moja la Kiswahili, neno la kila siku, ambalo nusura litufanye tumfungue mtu mfupa wa kichwa bila kujua kama kuna faida.

Atakayesoma bila kuwa fundi mwenzetu avumilie mistari michache. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna vifupa vitatu vinavyopokezana mtetemo wa sauti: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho kinachobisha hodi kwenye sikio la ndani, lile lililojikunja kama konokono, na konokono ndiye anayepeleka habari kwenye ubongo. Vitabu vinasema kikuku ni chuma anachokanyaga mtu aliyepanda farasi. Bukavu farasi hatuna. Wanafunzi wangu walikibatiza "kikanyagio cha pikipiki", na mtihani wote waliufaulu. Sasa, kifaa cha kawaida cha viziwi huingizwa kwenye tundu la sikio na kupaza sauti. Lakini sikio linalotoka usaha tangu utotoni huwezi kuliziba mlango, litazidi kuoza. Chetu hakizibi kitu. Ni kitetemeshi kinachopandikizwa ndani, kinakishika kifupa chenyewe na kukitikisa. Nje, nyuma ya sikio, kinakaa kisahani chenye maikrofoni na betri, kimeng'ang'ania ngozi kwa sumaku. Mpaka leo nikieleza hivyo mikono inanicheza. Kukishika kifupa chenyewe! Hebu fikirini.

Nilisomea umeme Kinshasa nikiwa na ndoto ya mabwawa. Nilitoka kwenye mji ambao taa zinakatika huku maji ya mto Ruzizi yakipita chini ya pua yako, kwa hiyo nilitaka mashine kubwa, kubwa sana, zenye kelele. Bourse, ule ufadhili wa masomo, ikanipeleka Ubelgiji, kwenye maabara iliyokuwa na nafasi moja tu, na nafasi hiyo ilikuwa ya mota inayoweza kuzama ndani ya tone la chai. Mungu ana utani wake.

Siku ya kwanza mwalimu wangu, mhandisi mzee tuliyemwita Monsieur Anselme, alinipa kibano na visahani viwili. Kimoja kilikuwa na kitetemeshi. "Kihamishe kutoka hapa mpaka pale," akasema. Pale palikuwa karibu kama kikombe na sahani yake. Nilikiinua vizuri, nikajisifu moyoni, na katika kujisifu nikashusha pumzi. Kikatoweka. Tulitambaa sakafuni wote wawili, mzee mwenye mvi na msomi mpya kutoka Kivu, tukipapasa kama kuku wanaotafuta mtama. Mwishowe akakiona kwenye sweta yangu, mahali ambapo kwetu mtu hubakiza chembe za fufu, ugali wetu.

"Bon," akasema. "Leo umejifunza kutopumua. Kesho tutaongeza lingine."

La kesho lilikuwa somo la meno. Alikuwa na imani kwamba mhandisi asiyekisikia kifaa chake ndani ya mifupa yake mwenyewe ni karani tu. Akagandisha kitetemeshi kwenye ncha ya kijiti cha shaba, akaniziba masikio kwa nta, akaniamuru niume kijiti. Kisha akawasha. Rumba! Rumba ya kwetu, aliyoitafuta makusudi kunikaribisha. Chumbani kimya, masikioni nta, na gitaa linapigwa katikati ya fuvu langu, kila uzi peke yake. Nilitaka kucheka, lakini ningefungua mdomo muziki ungekatika, kwa hiyo nilicheka kwa mabega. Siku hiyo mabwawa ya Ruzizi yalinitoka akilini na hayakurudi.

Halafu Anselme akaondoa sauti nyembamba, akabakiza ile nzito ya chini, na akaniuliza swali alilorudia miaka yote niliyokuwa naye: "Tu l'entends, ou tu le sens?" Unaisikia, ama unaihisi?

Nikajibu: "Oui."

"Oui si jibu," akasema, na akacheka. Nilicheka pamoja naye bila kujua tunachekea nini. Kichwani mwangu maneno yale mawili ya Kifaransa yalikuwa moja. Wenzetu wa pwani wana "kuhisi". Kwetu Bukavu neno hilo limebaki kwenye vitabu vya shule. Sisi tunasikia sauti, tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu ya dagaa wa sambaza wakikaangwa, tunasikia mgongo unauma, na mtoto mtiifu tunasema huyu anasikia. Niliuona kuwa utajiri wa lugha. Ni utajiri kweli. Subirini kidogo tu.

Kila likizo nilirudi nyumbani kusalimia, na kila mara nilipita kwa Docteur Espérance, tuliyesoma naye sekondari. Alikuwa amekuwa daktari wa masikio: mwanamke mwembamba mwenye kicheko kinene, kiongozi wa sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia yake. Mwaka mmoja, nilipokuwa nikimsimulia kishikio chetu kipya cha Ubelgiji, jinsi kinavyoibana fuawe vizuri bila kuiumiza, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanivuta kwa mkono wa shati.

"Déo, kuya uone."

Nikainamia hadubini yake. Mgonjwa alikuwa mzee wa Nyantende, mkulima. Niliona nusu ya nyundo. Chini kabisa niliona kikuku, kimesimama peke yake kama nguzo ya nyumba iliyoungua.

"Fuawe iko wapi?" nikauliza.

"Imekuliwa. Usaha inakulaga mufupa."

Akaniletea mwingine. Fuawe hakuna. Akaniletea wa tatu.

"Na huyu je?"

"Déo, weye unatafuta fuawe ao unatafuta wagonjwa?"

Ndivyo nilivyogundua kwamba kishikio chetu kizuri, kilichotuchukua miaka, kingefika kwenye masikio ya kwetu kama mgeni anayetafuta kiti katika nyumba ambayo wenyewe walishahama na viti vyao. Nilipaswa kusikitika. Sikusikitika hata kidogo. Nilichanganyikiwa kwa furaha. Tatizo jipya kabisa, na liko nyumbani! Ndani ya ndege nilichora vishikio kwenye mfuko wa karatasi wa kutapikia mpaka jirani yangu akaomba kubadilishiwa kiti. Haikupita muda mrefu nikarudi Bukavu moja kwa moja, na sanduku la vibano.

Nyinyi mmeikuta atelie ina meza imara. Mwanzoni, kila kamio la mizigo lililopita barabarani lilitikisa nyumba, na hadubini ikatikisika nayo, na mimi nikawa nachonga titani kama mtu anayenyolewa juu ya pikipiki. Dawa yake mnaijua: ile mipira ya ndani ya magurudumu iliyojazwa hewa chini ya miguu ya meza. Wageni huwa wanadhani ni umaskini. Ni fizikia. Ila msiijaze sana. Mpira uliojaa kupita kiasi unapitisha mtetemo kama jiwe. Bonyeza kwa kidole gumba: ukizama kidogo kama kwenye parachichi lililoiva, basi.

Kishikio kipya nilikiita kofia, kwa sababu kinakaa juu ya kichwa cha kikuku. Shida ni kwamba kichwa hicho ni kidogo na shingo yake ni nyembamba. Ukikaza, unaivunja, na ukiivunja umemmalizia mgonjwa kile kidogo alichonacho. Ukilegeza, kofia inacheza na sauti inakwaruza. Nilitengeneza mifano mikubwa ya waya, ya ukubwa wa ngumi, nikaipanga dirishani, na majirani wakaamini nauza mitego ya panya. Jibu nililipata mezani, maman Clarisse akiwa shahidi. Nilikuwa nimeshika tonge la fufu, nikaganda nalo hewani. Vidole vinalizunguka tonge pande zote, hakuna kidole kinachokaza zaidi ya mwenzake, na tonge halipasuki wala halianguki! Nikaacha chakula. Kofia ikapata vidole sita vya titani, vyembamba, vinavyojifungua na kujifunga vyenyewe.

Michoro niliituma Ubelgiji pale umeme uliporuhusu. Anselme, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na kukataa kukaa nyumbani, alikaza kofia kwenye mifupa ya masikio iliyoachwa na watu waliotoa miili yao kwa sayansi, akapima kwa mwanga wa leza jinsi kikuku kinavyotikisika. Alinitumia mstari wa grafu na neno moja: "Danse." Nikacheza kweli, peke yangu, kati ya meza na stabiliza ya umeme. Mchezo wangu haukuwa mzuri. Grafu ilikuwa nzuri.

Kamati ya hospitali iliyotusimamia iliruhusu mgonjwa mmoja wa kwanza. Kifaa kilichofika kutoka Ubelgiji nacho kilikuwa kimoja. Na mgonjwa alikuwa maman Wabiwa.

Alitoka Kamituga pamoja na mume wake, papa Kitoga, mchimbaji wa dhahabu, wamepakwa matope ya njia nzima mpaka kwenye nyusi. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wale mamans wanaotwanga mawe ya dhahabu kwenye vinu vya chuma. Kazi ile inakwenda kwa wimbo: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na michi inashuka kwa pamoja. Wabiwa ndiye aliyekuwa mwanzishaji. Masikio yake yalitoka usaha tangu utoto, yakaendelea kuziba mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja akaanzisha wimbo wakati wenzake wako katikati ya mwingine. Wakacheka. Akaanza tena, wakacheka tena. Wakamhamishia kwenye kuchekecha, kazi isiyohitaji wimbo.

Docteur Espérance alitaka kujua mama mwenyewe anatumaini nini, kwa kuwa kuna wanaotumaini makubwa kuliko uwezo wa titani. Kitoga akaweka mdomo kwenye sikio la mke wake akapiga kelele ambayo nadhani ilifika Goma: "WABIWA! BANAULIZA UNATAFUTA NINI!"

Wabiwa hakufikiri hata kidogo. "Minataka kusikia vile bananisema."

Espérance akaangua kicheko.

"Mucheke tu," akasema Wabiwa. "Bananisema mbele yangu! Naona midomo, naona meno. Bananiangalia, banacheka. Wimbo mutanipa kisha. Kwanza munipe ile."

"Mama yangu mupenzi, kaa vizuri!" akapiga kelele Kitoga, kwa mapenzi yote. Kisha, bila kugeuza kichwa, akanung'unika kwa sauti ya chini kama mtu anayesali: "Kichwa yake iko nguvu sawa mawe ya kwetu. Na sombe yake, miaka yote hii, haina chumvi."

Nikashangaa mtu kukisema kisamvu cha mkewe hadharani hivyo. Espérance hakushangaa, alishaona ndoa nyingi za namna hiyo. Mtu akiishi na kiziwi hujifunza kusema kila kitu mara mbili, mara moja kwa kelele kwa ajili yake, mara moja kwa kunong'ona kwa ajili ya roho yako mwenyewe.

"Papa Kitoga," akamwambia, "siku moja atakusikia."

"Siku ile, docteur, mi nahama."

Miezi ikapita katika kulikausha sikio, kwa kuwa hatupandikizi kitu kwenye usaha. Wabiwa na Kitoga walikaa kwa shemeji yao mjini. Ndipo likaja swali lenyewe: konokono yu hai? Kofia inaweza kukitikisa kikuku mpaka kesho. Kama sikio la ndani limekufa, ni kubisha hodi kwenye nyumba tupu. Kipimo ni rahisi. Unaweka kichuma kinachotetemeka kwenye mfupa nyuma ya sikio, unakishika kwa mkanda wa kichwani, unatoa sauti moja moja, nzito kwanza. Mtetemo unapita mfupani moja kwa moja hadi kwa konokono. Kabla ya kuanza Kitoga alimpigia kelele maagizo: sauti ikifika, useme "nasikia".

"Nasikia," akasema Wabiwa. "Nasikia. Nasikia."

Niliweka alama kwenye grafu huku mguu ukinidunda chini ya meza. Sauti nzito zote alizipata. Kwenye nyembamba akawa kimya, lakini nilijiambia tutazipandishia nguvu siku nyingine. Espérance akapanga siku ya operesheni. Mimi nikamwandikia Anselme habari ndefu yenye alama nyingi mno za mshangao.

Siku chache kabla ya operesheni tulirudia kipimo, kwa utaratibu tu. Wabiwa alikuwa amejifunga kitambaa kipya cha hariri, zawadi ya shemeji, na akakataa kukivua. Nikaufunga mkanda juu yake. Akakaa akitazama ukuta, nami nikatazama mashine yangu, kama kawaida yangu, kwa sababu mashine haziniulizi maswali.

"Nasikia," akasema. "Nasikia."

Espérance akanigusa bega, akaonyesha kwa kidevu. Mkanda ulikuwa umeteleza juu ya hariri. Kichuma kilikuwa kimelala kwenye mfupa wa bega.

Nikabonyeza. "Nasikia," akasema Wabiwa.

Espérance akakichukua, akakiweka kwenye kiwiko. "Nasikia." Akakiweka kwenye goti, juu ya pagne, kitenge chake.

"Nasikia, nasikia! Hata kwa goti nasikia!" Wabiwa akageuka. "Munaniona mi mujinga?"

Hapo nilicheka sana. Nilicheka mpaka nilipoona kwamba Espérance hacheki.

Wabiwa alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Tulimwagiza aseme "nasikia", naye alisikia: kwa ngozi, kwa goti, kwa bega, vile tunavyosikia baridi na njaa. Sauti nzito ikiwa na nguvu ngozi huipata vizuri sana. Mtu mwenye konokono aliyekufa kabisa angetupa grafu ileile. Anselme aliniuliza swali hilo miaka mingi kwa Kifaransa na mimi nikamjibu "oui", kisha nikaenda kuliuliza nyumbani kwa lugha yangu, ambamo swali lenyewe halimo.

"Basi tuulize vizuri," akasema Espérance. Akamwandalia Kitoga maneno, naye akayapiga kelele: "IKO SAUTI, AO IKO KUTETEMEKA?"

Wabiwa akafikiri kwa bidii. "Iko," akajibu.

"IKO NINI?"

"Iko!"

Tukajaribu Kilega, lugha yao ya nyumbani. Kitoga akatikisa kichwa: "Na kwetu neno iko moja tu." Espérance na mimi tukajiuliza kwa Mashi, lugha ya kwetu, tukakuta ni yaleyale. Nikajaribu Kifaransa, Wabiwa akajibu "oui", nami sikuwa na haki ya kumlaumu.

Operesheni haikuwezekana tena. Kwenda kumpasua mtu nyuma ya sikio, kuchimba mfupa, kumpandikizia kifaa pekee tulichonacho, ili aende Kamituga akasikie kwa ngozi vile wanavyomsema? Wabiwa alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine. Masikio hakuwa nayo, lakini nyuso alizisoma kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye.

"Munakatala," akasema. "Kama haiko, museme haiko. Lakini museme mbele yangu, nione midomo."

Kitoga hakunung'unika chochote. Hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Espérance akasimama. Akaenda mpaka dirishani, akarudi, akasimama mbele ya Wabiwa. "Tuko bajinga," akaniambia mimi, si yeye. "Tunauliza muimbaji aseme. Juu ya nini asiimbe? Papa Kitoga, mwambie hivi: tusimwone anasema nasikia tena. Docteur anaanzisha, yeye aitikie."

"WABIWA! BANAANZISHA! UITIKIE!"

Neno hilo alilijua. Akakaa wima. Safari hii alivua kitambaa mwenyewe.

Nikatoa sauti nzito. Akaiitikia, kwa chini, akiguna kidogo. Vizuri, lakini hata ngozi ingeweza kumsaidia hapo. Nikapanda ya katikati. Akachelewa, akainamisha kichwa, akaipata. Kisha nikaenda kwenye sauti nyembamba, kule ambako ngozi ni kiziwi kuliko viziwi wote. Nikabonyeza. Kimya. Nikaongeza nguvu. Kimya. Nikaongeza tena.

Wabiwa akafumba macho, akafungua mdomo, na akaiweka. Hapohapo. Sauti nyembamba, safi, juu ya ile yangu kama kifuniko juu ya sufuria yake.

"Mungu wangu," akasema Espérance, ambaye sikio lake la kwaya halisamehi. "Hata hajakosea nusu ya noti!"

Akaruka kukihamishia kichuma kwenye goti. Nikatoa sauti ileile, kwa nguvu ileile. Wabiwa akangoja, akangoja. "Hakuna kintu," akasema. Kichuma kikarudi nyuma ya sikio: akaimba. Goti: hakuna kintu. Sikio: akaimba! Konokono yu hai! Nikaanza kupanda ngazi kwa sauti, moja baada ya nyingine, naye akanifuata. Kisha akachoka kunifuata, akaanza kunitangulia na wimbo wao wa kutwanga, kiganja chake kikapiga mkono wa kiti, puu, puu, vile mchi unavyoshuka kwenye kinu. Mimi siimbi vizuri, maman Clarisse amelipiga marufuku jambo hilo nyumbani, lakini siku ile niliitikia. Kitoga pia aliitikia. Alikuwa akilijua kila neno.

Operesheni yenyewe niliitazama kwenye skrini, nikiwa nimejifunza kutopumua. Nilichukua kofia za urefu tofauti, na ile niliyokuwa na hakika nayo ilikuwa ndefu mno. Kumbukeni hilo, pelekeni zote kila mara, hasa ile msiyoipenda. Espérance akaomba fupi. Vidole sita vikafunguka, vikajifunga. "Imekaa," akasema. Nimewahi kusikia hotuba nyingi za wakubwa; hakuna iliyofikia neno hilo.

Mnaniuliza mara kwa mara kwa nini atelie yetu hairuhusu swali "unasikia?" Sasa mnajua. Si ushirikina wa mzee. Mkimpima mtu, mpeni kitu cha kuitikia. Aimbe, arudie neno, ajibu swali ambalo hakutegemea. Na mimi mwenyewe, maman Clarisse anaponiita kutoka jikoni na mimi nikasema nasikia, siku hizi anakuja kuhakikisha.

Kidonda kikapona, ikafika siku ya kuwasha. Wabiwa na Kitoga walikuwa wameshakwenda Kamituga wakarudi. Tulimkalisha Wabiwa akitazama dirisha, atupe mgongo, asione mdomo wa mtu. Nikabandika kisahani nyuma ya sikio, sumaku ikashika. Tulikuwa tumekubaliana: hakuna kuuliza. Nitatoa sauti kwenye mashine, naye ataitikia. Nikawasha, nikainama kutafuta sauti ya kwanza. Wabiwa alikaa bila kutikisika. Hakugeuka, hakutabasamu, hakuonyesha lolote, na mimi nikaanza kuhesabu kichwani waya zote zinazoweza kukatika.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, Kitoga alishindwa na ule ukimya. Akafanya alichozoea kufanya miaka yote. Akanung'unika, chini, kama mtu anayesali: "Njia yote ile ya matope, na asubuhi anakatala kukula. Kichwa nguvu. Sombe ya kwake haina chumvi, na ya batu anakatala."

"Nasikia," akasema Wabiwa, akiwa bado anatazama dirisha.

Lilikuwa neno lilelile tulilolipiga marufuku. Espérance akanitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyetaka kuuliza ni kwa ngozi au ni kwa goti.

Wabiwa akageuka polepole kwenye kiti. "Sombe yangu iko na nini?"

Kitoga akafungua mdomo kupiga kelele, akakumbuka, akaufunga. Akanisogelea mpaka kofia yake ikagusa shavu langu, akashusha sauti chini kuliko nilivyowahi kumsikia. "Ingénieur," akanong'ona, "kule kwenu Muhumba, nyumba ya kupanga iko?"

"Hata ile nasikia," akasema Wabiwa.